Kionjo

Tulipewa sekunde tisini.
Mwalimu Kileo aliandika ubaoni, chaki ikilia:
Kionjo cha filamu ya kutisha. Filamu yenyewe haipo.
Akajipangusa vumbi kwenye suruali.
"Nitisheni," akasema, "halafu mniache na njaa."

Nyuma ya kantini tulikaa, mimi, Elinami, Nakunda,
na Shafii mwenye simu yenye kamera nzuri, simu ya dada yake,
irudi kabla ya magharibi, bila mkwaruzo.
Tukachora miraba kumi na miwili kwenye daftari la hesabu:
huyu anakimbia, huyu amekufa, huyu
sijui, Elinami alimchora huku anakula muhogo.

Tulitaka kila kitu.
Tulitaka stesheni ya zamani ya Moshi, reli zimemezwa na majani,
tulitaka ukungu ushuke mlimani kwa saa ya miadi,
tulitaka paka mweusi. Tukapata wa Mama Manka, wa kijivu, mnene,
akalala katikati ya tukio la kifo
akagoma kuamka.
Damu tulinunua kwa muuza chipsi wa Njoro,
nusu chupa ya tomato.
Sisimizi wakafika kabla ya mauti.

Shafii akavaa shuka la mama yangu, akawa mzimu.
Akatoka migombani mikono mbele,
na watoto wa jirani wakamwandama wakipiga vigelegele:
"Bibi harusi! Bibi harusi!"

Elinami akaandika maneno ya sauti nzito:
Usiku unapotanda, na mbwa wanaponyamaa,
kuna kiumbe hupanda, ngazi zenye kuchakaa.
"Kwetu hakuna ngazi," akasema Nakunda.

Mwalimu alitazama, akacheka mpaka akavua miwani.
"Mzimu nimeuona. Umevaa raba.
Mwonja mbege hamalizi kibuyu, nyie mmeninywesha na machicha."

Jioni tukarudi kwa kina Nakunda. Umeme ulikuwa umekatika.
"Utazame mlango, uogope."
"Niogope nini? Ni stoo. Mna majembe na gunia la kahawa."
"Basi wewe huogopa nini?"

Akabandua karatasi ya chupa ya tomato, kipande kwa kipande.
"Simu," akasema. "Ikiita saa tisa usiku.
Mwaka juzi iliita. Namba ya wodini.
Mama aliitazama tu, akaiacha iite,
kana kwamba asipopokea
baba atakuwa bado anapumua."

Hatukujua pa kuweka macho.
Shafii akaziba lenzi kwa kidole gumba.
"Tuitumie," akasema Nakunda. "Ni yangu."

Kwa hiyo: meza. Kitambaa cha kufuma.
Simu inatetemeka gizani, inajisogeza
kama mdudu aliyejeruhiwa, kuelekea ukingoni.
Mkono wenye bangili unakuja.
Unasimama.
Simu inasogea.
Mkono haushuki.
Basi. Hata jina la filamu hatukuweka.

Ijumaa, darasani, mapazia yamefungwa kwa pini,
hakuna aliyepiga kelele.
Kundaeli, ambaye hucheka hata gwarideni,
alikuwa anatazama viatu vyake.
Mwalimu Kileo alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati,
akaigusa simu yake, akauacha mkono hapo
muda mrefu baada ya taa kuwashwa.
Alitupa sabini na mbili. Aliandika: Sauti iko chini.

Shuka nililirudisha nyumbani. Doa lilikuwa halijatoka.
Mama alilikunjua uani, akaliinua kwenye jua
akaona ule wekundu uliokauka,
na uso wake ukaondoka mahali pake.
"Hiki nini?"
"Tomato, mama."
Hakunisikia,
mpaka alipolinusa.